Tuwatafute Waliotoka Kwenye Daftari

(Maneno haya yalisemwa mbele ya makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa kanisa, Embulbul. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Akina mama, wazee, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, karibuni sana. Tunajua wengine mmefunga vibanda vyenu ili mfike hapa, na wengine mmepanda matatu mbili. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Siku chache zilizopita mama mmoja alitungoja nje baada ya Misa. Alikuwa na swali. Kwa miaka miwili sasa amekuwa akitembelewa na watu wa utafiti. Wanakuja na simu zao kubwa, wanamwuliza: mtoto amekula nini jana, ameharisha mara ngapi, maji mnachota wapi, mna choo cha namna gani. Yeye huwajibu. Lakini mwenye ploti ameongeza kodi, na mama ameamua kuhamia kwa dada yake Kitengela. Akatuuliza, "Nikihama, nitakuwa nimewaharibia hawa watu kazi yao? Na wakinifuata huko, lazima nijibu?"

Tulimjibu kwa kifupi tukiwa tumesimama pale kwenye jua. Lakini swali lake lilitufuata mpaka nyumbani, kwa sababu si swali la watafiti peke yao. Ni swali la kila mtu mwenye daftari, na nyote humu ndani mna daftari.

Tuanze na jambo ambalo wazee wetu wa Kimaasai wanalijua bila kwenda shule. Ng'ombe wakirudi jioni, mzee hasimami langoni pa boma kuhesabu moja, mbili, tatu. Anawaangalia tu wakipita. Halafu anauliza: yule mwenye baka jeupe usoni yuko wapi? Habari za waliorudi hazimsumbui, amekwisha kuwaona. Shida ya usiku ule ni yule mmoja, na kijana aliyechunga hatakula vizuri mpaka ijulikane ng'ombe yule amebaki wapi. Hata Bwana Yesu aliposimulia habari za kondoo 100 hakukaa sana na wale 99.

Sisi wenye madaftari tunafanya kinyume. Tunahesabu waliokuja, tunaandika jumla, tunapiga mstari chini yake, tunafunga kitabu.

Tuna aibu kidogo kusimulia hili linalofuata, lakini afadhali mlisikie kutoka kwetu. Miaka mingi iliyopita ofisi yetu ilikuwa na mradi wa kupima uzito wa watoto wa chini ya miaka mitano. Mizani tuliitundika kwenye mti, mara moja kwa mwezi, na kila mama aliyekuja alipewa unga wa uji. Mwanzoni watoto wengi walikuwa chini ya mstari ule wa kadi ya kliniki, mnaujua. Mwaka ulipokwisha tukafungua daftari, tukahesabu, tukaona walio chini ya mstari wamekuwa wachache tu. Tukafurahi kwelikweli. Tukamwandikia mfadhili barua nzuri, naye akatupongeza.

Katika mkutano wa kamati, mama mmoja mzee ambaye kwa kawaida hasemi sana akauliza, "Na wale wa kule kwenye nyumba za mabati? Mbona siku hizi hatuwaoni?"

Tulirudi kwenye daftari. Kumbe waliokuwa wameacha kuja walikuwa karibu wote wale wale waliokuwa chini ya mstari.

Hebu tuhesabu pamoja, kwa mfano tu. Chukua watoto 10. Wanne kati yao wako chini ya mstari. Watatu kati ya hao wanne wakiacha kuja, wanabaki watoto 7, na aliye chini ya mstari ni mmoja. Umetoka 4 kwa 10, ukafika 1 kwa 7. Ukiandika hivyo kwenye ripoti, kila mtu atasema mradi umefaulu. Lakini ni mtoto gani aliyeongeza hata robo kilo? Hakuna. Wembamba wametoka kwenye kitabu, basi. Kitabu kimenenepa, watoto hapana.

Tulifunga ofisi siku tatu, tukaenda kuwatafuta. Mtoto mmoja tuliambiwa yuko kwa nyanya yake mashambani, ana afya, na hata picha tukaonyeshwa. Mama mwingine alikuwa amepata kazi kwenye shamba la maua upande wa Isinya, na siku yetu ya mizani ilikuwa siku ya kazi kwake. Angekujaje? Mtoto wa tatu alikuwa amelazwa hospitalini mara mbili katika miezi ile ile tuliyokuwa tukiandika barua nzuri. Na mmoja hatukumpata. Majirani walisema familia iliondoka usiku kwa sababu ya deni la kodi. Jina lake liko kwenye daftari lile mpaka leo, na mbele yake hakuna neno.

Mnaona jinsi pengo moja kwenye karatasi linavyoweza kuwa mambo manne tofauti? Yupo aliyeondoka kwa sababu mambo ni mazuri, na yupo aliyeondoka kwa sababu mambo ni mabaya. Ukiangalia karatasi tu huwezi kuwatenganisha.

Makosa haya si ya watu wa kijijini tu. Wasomi wakubwa pia yanawapata, na baadhi yao wameyatafutia dawa. Tuwaeleze habari za Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda. Kuna kliniki pale iliyokuwa ikiwapa wagonjwa dawa za kupunguza makali ya ukimwi katika miaka ile dawa hizi zilipoanza kupatikana kwa wingi. Watafiti waliangalia wagonjwa 3,628 waliokuwa wameanza dawa. Kati yao 829 walikuwa wamepotea, maana yake walikuwa hawajaonekana kliniki kwa muda mrefu na hakuna aliyejua waliko.

Sasa, ukihesabu vifo vilivyoandikwa kwenye vitabu vya kliniki peke yake, ilionekana kwamba katika mwaka wa kwanza wa dawa walikufa chini ya wagonjwa wawili katika kila 100. Hesabu ya kumfurahisha waziri yeyote. Lakini watafiti hawakuridhika. Kuwatafuta wote 829 kusingewezekana, pesa za mafuta ya pikipiki zingetoka wapi? Wakachagua 128 bila kupendelea, kama mnavyopiga kura kujua nani atapokea wa kwanza kwenye mzunguko. Kisha wakamtuma mtu kwenda kijiji kwa kijiji kuwatafuta hao. Habari za watu 111 zikapatikana. Kati yao 32 walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa hai, na wengi wa wale waliozungumza nao ana kwa ana walikuwa wakipata matibabu mahali pengine, karibu zaidi na kwao. Sababu kubwa waliyoitoa ya kuacha kliniki ile ilikuwa umbali na nauli. Nauli, ndugu zangu! 

Walipoingiza habari hizo kwenye hesabu, vifo vya mwaka wa kwanza vilipanda kutoka 1.7 kwa kila 100 mpaka 7.5. Hiyo ni zaidi ya mara nne. Ripoti hiyo ilitoka mwaka wa 2008. Wagonjwa ni wale wale, kliniki ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna mtu aliyekwenda kuuliza.

Jambo la kushika hapo ni lile la kuchagua bila kupendelea. Sisi tukienda kutafuta wanachama waliopotea, tunaanza na nani? Tunaanza na wenye simu inayopatikana, na wale wanaokaa kando ya lami. Basi tunapata habari za walio na nafuu, tunasema "waliotoka wako sawa tu." Yule aliye ng'ambo ya korongo, simu yake imezimwa tangu mwezi wa nne, ndiye hatumfikii, naye pengine ndiye mwenye habari yenyewe. Afadhali utafute 5 waliotoka kwenye kura, na uwatafute kwa bidii mpaka uwapate, kuliko kupiga simu 20 za haraka haraka.

Mtu atasema, basi waliopotea ni wale walioshindwa na maisha. Hapana, si kila mara. Huko Busia mwaka wa 1998 ulianza mradi wa kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule za msingi 75. Shule hazikuanza pamoja. Nyingine zilipata dawa mapema, nyingine zikangoja zamu yao, na kwa njia hiyo watafiti wakaweza kulinganisha. Kisha wakaendelea kuwafuata maelfu ya watoto hao mpaka wakawa watu wazima wenye watoto wao. Miaka 20!

Fikirini ni nani anayebaki Busia baada ya miaka 20, na ni nani anayeondoka. Mara nyingi aliyemaliza shule na kupata kazi ndiye aliyehamia Nairobi au Mombasa, au amevuka mpaka kwenda Uganda. Kama wangewahoji wale tu waliobaki nyumbani, wangeweza kuwaacha nje wale ambao maisha yao yalibadilika zaidi. Kwa hivyo waliwafuata huko huko walikohamia, hata nje ya Kenya. Wale ambao hawakupatikana katika duru ya kwanza walipigiwa kura, robo yao ikachaguliwa, na hiyo robo ikatafutwa kwa kila njia: wazazi, walimu wa zamani, mashemeji, nambari za simu za marafiki. Kwa njia hiyo walifikia zaidi ya 80 kwa 100. Na ndiyo sababu mwaka wa 2021 waliweza kusema kwamba wale waliopata dawa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na matumizi ya nyumbani ya juu kwa asilimia 14. Mtu akibisha, wana majibu.

Turudi hapa kwetu Kajiado, maana msidhani utafiti ni kitu cha mbali. Katika miaka ya 1990 watafiti kutoka Ireland, pamoja na wahudumu wa huku, waliwaomba akina mama wa Kimaasai waweke maji ya kunywa katika chupa nyeupe za plastiki juu ya paa, juani, kutwa nzima. Familia nyingine ziliweka chupa zao ndani ya nyumba, ili zilinganishwe. Ripoti ya kwanza, ya 1996, ilikuwa ya watoto 206 wa miaka 5 hadi 16. Walifuatwa kwa majuma 12. Ya pili ilikuwa ya watoto 349 wa chini ya miaka 6, waliofuatwa mwaka mzima. Katika kila kipindi cha majuma mawili, walioharisha walikuwa 48.8 kwa 100 kwa wale wa maji ya juani, na 58.1 kwa 100 kwa wale wengine. Si muujiza, lakini kwa mama anayeamka usiku ni tofauti anayoisikia.

Tunaomba mtazame kazi iliyo ndani ya maneno haya "kila majuma mawili." Mwaka mzima. Mnaijua nchi yetu. Mvua ikikosa, ng'ombe wanahama, na mama anaweza kuwafuata na watoto. Kila juma ambalo hakuna aliyeulizwa linaacha tundu kwenye kitabu, na matundu hayaji wakati wa neema, yanakuja wakati wa ukame, wakati maji ni machafu zaidi na tumbo za watoto ziko hatarini zaidi.

Baadaye kipindupindu kikaingia katika eneo lile lile. Kwa kuwa orodha ya nyumba ilikuwa imehifadhiwa, na ilijulikana nani alikuwa akiweka chupa juani na nani ndani, watu waliweza kurudi kuuliza. Kwa watu wazima na watoto wakubwa hapakuwa na tofauti ya kutegemewa. Lakini kwa watoto wa chini ya miaka 6, waliokuwa wakinywa maji ya juani walikuwa 155 na waliougua ni 3. Wale wengine walikuwa 144 na waliougua ni 20. Ripoti hiyo ilitoka 2001. Daftari likitupwa mradi ulipokwisha, tungejuaje hayo?

Haya, sasa tuje kwa madaftari yenu wenyewe, na hapa mtatusamehe tukiwa wakali kidogo.

Tumeyapitia madaftari ya vikundi kadhaa. Kosa la kwanza ni sifuri. Mama hakuja mkutanoni, katibu anaandika 0. Mama mwingine amekuja, lakini hana kitu siku hiyo, naye anaandikiwa 0. Hao si watu wa namna moja! Huyu wa pili tumemwona, tumesikia shida yake, tunajua mchango wake ni sifuri. Yule wa kwanza hatujui chochote. Pengine ana pesa na hana nafasi. Pengine ni mgonjwa. Sifuri ni habari, lakini nafasi tupu ni ukosefu wa habari, na ukiichora sifuri umesema uongo bila kukusudia.

Kosa la pili ni kufutilia mbali. Mwanachama ametoka, katibu anachukua rula na kalamu nyekundu anapiga mstari juu ya jina mpaka halisomeki. Au daftari jipya linaponunuliwa, jina halihamishwi. Mwaka wa tatu mgeni akiuliza, mnamwambia "wanachama wetu wote wamejenga." Ni kweli, wote mlio nao. Mlianza wangapi?

La tatu ni kupika. Tunalisema kwa upole kwa sababu tunajua vijana wengi humu mmewahi kuajiriwa kwenda nyumba kwa nyumba na fomu. Jua ni kali, mlango umefungwa, mbwa ni mkali, na malipo ni kwa idadi ya fomu. Basi unakaa chini ya mti, unajaza mwenyewe: huyu ana watoto wanne, huyu anachota maji kioski. Kijana wetu, ukiandika "hayupo" umefanya kazi. Mkubwa wako anaweza kurudi siku nyingine, au akatafuta njia ya kulihesabia lile pengo. Ukipika, hakuna atakayejua kwamba kuna pengo, na hakuna atakayerudi.

Sasa yule mama wa Kitengela. Tulimwambia hivi. Kwanza, mama, kuondoka ni haki yako. Hukuajiriwa na hukufungwa. Tangu tamko la madaktari la Helsinki la mwaka 1964 imekubaliwa kwamba mtu aliye katika utafiti anaweza kuacha wakati wowote, na hakuna anayeweza kukunyima matibabu kwa sababu hiyo. Hapa Kenya watafiti lazima wawe na kibali cha NACOSTI, na tangu 2019 kuna sheria ya kulinda habari za mtu binafsi. Kwa hivyo wakikufuata Kitengela, hujalazimishwa. Unaweza kuwauliza: habari nilizowapa miaka hii miwili mtazifanyia nini?

Pili, kuhama si kuharibu. Kinachowasumbua ni kutojua. Tulimshauri kwamba kama hana kinyongo nao, awaambie kabla hajafunga mizigo: ninahama mwezi fulani, sababu ni kodi. Hata akikataa kuendelea, neno moja la sababu ni zawadi kubwa kwao, kwa sababu kama nyumba nyingi zinahama kwa ajili ya kodi, na hizo ndizo nyumba zenye watoto wanaoharisha, basi watakaobaki kwenye kitabu watafanya Embulbul ionekane ina maji safi kuliko ilivyo. Na anayesoma kitabu hicho ndiye anayeamua bomba lipite wapi.

Lakini na watafiti nao wana lao, na tumewahi kuwaambia usoni. Watu wanachoka kuulizwa swali moja mara 12 bila kurudishiwa jibu. Unakuja nyumbani kwa mtu, unapima mkono wa mtoto wake, unaandika, unaaga. Mwaka unaisha hujamwambia umeona nini. Siku akikufungia mlango unaandika "amekataa." Amekataa nini? Amekataa kuwa kisima kinachochotwa na hakijazwi. Kuna wanawake pia wanaoacha kwa sababu mume ameuliza huyu anayepiga simu ni nani, na wengine kwa sababu ya damu, wakisikia kwamba damu inauzwa. Mambo hayo hayaondoki kwa barua yenye muhuri. Yanahitaji mtu wa hapa hapa, anayejulikana, akae chini aeleze.

Yule mama aliwapigia simu. Ametuambia walimshukuru, wakachukua nambari ya dada yake, na wakamwuliza kama atakubali kutembelewa mara moja huko. Amesema atafikiri. Ni haki yake kufikiri.

Madaftari mapya yamefika ofisini. Mtaona upande wa kulia tumechora safu mbili zaidi. Moja ni ya tarehe mwanachama alipoonekana mara ya mwisho, nyingine ni ya sababu: amehama, ni mgonjwa, kazi imemzuia, amekataa, amefariki, haijulikani. Andikeni neno, msiandike sifuri. Na ile "haijulikani" isikae hapo zaidi ya miezi mitatu. Majina yote ya mwaka jana yahamishwe, hata ya waliotoka, hata ya yule mliyekosana naye kwa sababu ya mkopo. Mwezi wa sita kila kikundi kitapiga kura ya majina matano kati ya waliopotea, na nauli ya kuwatafuta itatoka kwenye mfuko wa semina. Si nyingi, ni ya matatu tu, kwa hivyo anayekwenda Namanga asituletee risiti ya teksi.

Makatibu, mtayachukua Jumapili baada ya Misa ya pili. Njooni na yale ya zamani.